Nyumba ghorofa ya 31 karibu na Wall Street: nichukue?

Kutoka: Kijana wa Kondele

Hamjambo wote. Nimepata kazi New York, naripoti mwezi ujao. Ajenti amenitumia picha za nyumba ghorofa ya 31, kusini mwa Manhattan kwenye mitaa ya mabenki. Kuna bwawa la kuogelea, jimu na bawabu usiku na mchana. Ameandika "chumba kimoja na ofisi ya nyumbani". Binamu yangu yuko tayari tugawane kodi, yeye alale hapo ofisini. Kuna aliyewahi kuishi pande hizo?

Kutoka: Anti, Milimani

Hongera, mwanangu. Nilifanya unesi huko miaka kadhaa kabla ya kurudi Kisumu, na nililala ndani ya "ofisi" kama hiyo anayoitaka binamu yako.

Majengo mengi ya pale yalikuwa ofisi kweli. Miaka ya tisini yakabaki matupu, na kuanzia 1995 wenye majengo wakapunguziwa ushuru wakikubali kuyageuza makao ya watu. Hata 70 Pine Street, mnara wa 1932, siku hizi watu wanapikia humo. Sasa ofisi za zamani zilijengwa nene: madirisha pembeni, katikati taa. Ukizikata kuwa nyumba, kila moja inatoka ndefu kama behewa, mwanga unaingia upande mmoja tu, na kule nyuma ni giza. Sheria ya New York haikubali chumba cha kulala kisicho na dirisha. Ndiyo maana ajenti ameandika ofisi.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo mwanzoni nilikifurahia. Mchana nalala kama mtoto. Halafu siku moja nikaamka, giza totoro, nikajua bado mapema, nikageuka upande wa pili. Simu ikalia: msimamizi wa wodi ananiuliza niko wapi, saa tatu usiku! Tangu hapo nikawa nalala na mlango wazi ili nione mwanga wa sebuleni.

Kuhamia nako ni kioja. Nilinunua sofa ya mtumba New Jersey, jamaa wawili wakaileta kwa pikapu Jumamosi asubuhi. Bawabu akauliza: lifti ya mizigo mmeiwekea nafasi? Karatasi ya bima ya wabebaji iko wapi? Bima, ya kubeba sofa! Tena wikendi mizigo haiingii. Sofa ikarudi ilikotoka, ikaja Jumatano. Hapa kwetu ningempa kijana wa mkokoteni mia mbili, na soja mwenyewe angetushikia mlango.

Pesa: watataka mshahara wako wa mwaka ufike mara arobaini ya kodi ya mwezi. Amana isizidi kodi ya mwezi mmoja, hiyo ni sheria tangu 2019. Na tangu Juni 2025, ajenti aliyeletwa na mwenye nyumba analipwa na mwenye nyumba, kwa hiyo akikudai ada yake muulize kwanza nani alimtuma. Kama kila nyumba kwenye jengo ina mwenyewe, kuna pia kamati ya wenye nyumba inayopitia maombi yako, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Wewe una mwezi mmoja. Piga hesabu.

Uliza pia jenereta na mitambo ya stima viko ghorofa gani. Kimbunga Sandy, Oktoba 2012, maji yaliingia vyumba vya chini vya majengo ya pale, na mengine watu hawakurudi kwa wiki nyingi. Mtu wa Kisumu haelezwi ziwa likipanda linafanya nini.

Omena usibebe. Madirisha ya juu huko yanafunguka upana wa kiganja tu. Nilikaanga mara moja, jioni nikakuta barua chini ya mlango, ya adabu kabisa, kuhusu "harufu kwenye korido". Ukikosa ladha za Afrika, panda treni namba 2 au 3 hadi 116 Street, Harlem. Maduka ya Wasenegali hayakosi kitu cha kukutuliza.

Kutoka: Ndugu wa Jersey City

Anti amemaliza. Niongeze tu kwamba treni ya PATH inavuka mto Hudson kutoka huku hadi World Trade Center, jirani na Wall Street, kwa dakika chache. Huku nina vyumba viwili, vyote vina madirisha. Bwawa sina, lakini waliokuwa nalo niliowajua walioga mara mbili kwa mwaka.

Kutoka: Anti, Milimani

Mwanangu, achana na picha. Mwambie ajenti akutumie mchoro wa nyumba.

Kutoka: Kijana wa Kondele

Asante Anti, asante ndugu. Mchoro umefika. Hapo katikati kuna kisanduku, kuta nne, hakuna dirisha hata la dawa. Nimemwonyesha binamu. Ameuliza kama hospitali yenu bado inaajiri zamu ya usiku.