Kundi linataka kumwandika jina tu mwenzetu asiyeona. Ni sawa?

Mwana_Vimbweta: Wakuu, niko mwaka wa pili, ualimu. Asaimenti ya kundi tuko sita, mmoja haoni. Jana tumekaa kimbweta kugawana maswali, kiongozi akamwambia, "Wewe pumzika kaka, jina lako tutaweka." Wengine wakaitikia kama wametoa sadaka. Jamaa akacheka kidogo, akakunja fimbo yake. Nikihoji naambiwa nakuza mambo, huo ni utu. Utu gani, na kwenye saikolojia anatuacha mbali wote? Isitoshe desa lote, yaani notisi za somo, limepigwa picha likageuzwa PDF, simu yake inayomsomea ikifika pale inanyamaza. Nifanyeje bila kuvunja kundi?

Mzee_wa_Sup: Acha ukali dogo. Kama vifaa havipo, ninyi mtafanyaje? Mwandikeni, maisha yaendelee.

Fimbo_Nyeupe: Mkuu hapo juu, mimi sioni na chuo nimemaliza. Hiyo ya "jina tutaweka" naijua. Siku ya prezentesheni mwalimu akanitupia swali, sina hata neno. Alama za kundi nilipata, mtihani wa mwisho, UE, nikashika sup, ikabidi nirudie. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 ya watu kama sisi. Kwenye usaili wa hiyo nafasi nitaingia na kundi?

Dogo, chapeni hizo kurasa kwenye Word. Akiwa na laptop, NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure. Mkijadili, "hii hapa" na "ile pale" zife, tajeni kitu chenyewe. Na swali mpeni, akichelewesha mdaini kama mnavyodaiana wengine. Ila kabla ya yote, yeye mwenyewe mmemuuliza?

Mwana_Vimbweta: Nimemuuliza leo. Kachukua swali la kumbukumbu, anachapa mwenyewe, mimi namchapia kurasa za desa. Nimekwama kwenye mchoro wa utafiti wa mwanasaikolojia Ebbinghaus wa 1885, ule wa kusahau. Nauandikaje?

Fimbo_Nyeupe: Anza na mihimili. Wa chini ni muda, wa wima ni kiasi kilichobaki kichwani. Kisha fuata mstari: unaanzia juu, unaporomoka haraka mwanzoni, halafu unashuka polepole hadi unakaribia kulala. Rangi achana nazo.