Eti "Kaka, wewe wa bima ndogo"! Hawa wa jengo la vioo wamenichefua

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, nimepaki nje ya jengo lao, mikono inatetemeka. Jengo mnalijua. Siwataji, nisije nikafungiwa akaunti kwa ajili ya watu wasio na adabu.

Nimeingia mjini kuulizia bei ya bima kubwa (ile inayolipa hadi gari lako; ndogo inalipa uliyemgonga tu) ya ka-Toyota IST kangu. Kampuni ya kwanza: asilimia 3.5 ya thamani. Gari milioni 12, hiyo ni 420,000, weka VAT inakuja 495,600. Ya pili hivyo hivyo, hadi shilingi ya mwisho. Nikasema ngoja niende kwa hawa wakubwa, huenda kuna unafuu.

Dada wa kaunta kanikagua kuanzia kandambili mpaka kofia (ni Jumamosi jamani, mtu avae suti kununua bima?). Sijamaliza hata kusema nalinganisha bei, akapaza sauti ya kutangazia msiba: "Kaka, wewe wa bima ndogo. Nimekuona tangu unaingia." Halafu akaninyang'anya kalamu mkononi. Kalamu yenyewe imefungwa kamba kwenye kaunta! Ningekimbia nayo wapi, na kaunta yao?

Foleni nzima ikacheka. Mlinzi akacheka. Kuna kichanga mgongoni kwa mama yake, hakina hata jino, nacho kikacheka.

Nikajikaza nikauliza: nikigonga, natoa kiasi gani mfukoni kabla hawajalipa? Gari linaenda gereji yangu au yao? Akajibu huku anachezea simu, "Hayo ni ya bima kubwa." Kalamu kaishika.

Nimekuona tangu unaingia! Yaani mimi nina sura ya 118,000 ya bima ndogo?

Mzee wa Kibamba: Pole mkuu. Mwishowe umekata ipi?

Mleta uzi: Hilo halihusiani na mada.

Mzee wa Kibamba: 😂😂 118,000 hiyo. Dada ana jicho.

Binti Mwarobaini: Kandambili na kofia? Hata mimi ningeficha kalamu.

Wakala Mkongwe: Bei zinafanana kwa sababu TIRA, mamlaka inayosimamia bima, imeweka kiwango cha chini, kampuni hairuhusiwi kushuka hapo. Tofauti utaiona siku ya kudai. Waulize waliowahi kugonga walilipwa baada ya muda gani. Na stika ihakiki kwenye mfumo wa TIRA kabla hujaondoka. Karibu inboksi nikuhudumie.

Mleta uzi: Wewe ni wa jengo lile. Rudisha kalamu.

Mama Vitz: Afadhali wewe umetukanwa bure. Mimi nilikata kubwa. Siku ya kulipia, gari lilikuwa la milioni 10. Daladala ilipolipondaponda, wakaja na karatasi: milioni 6, eti limechakaa. Limechakaa lini na lilikuwa linalala kwangu?

Fundi Spana: Nyie mnalia, na sisi mafundi? Tunapewa kazi na kampuni, tunanyoosha, tunapiga rangi, gari linaondoka. Hela tunaisubiri mpaka mwenye gari anarudi kaligonga upande wa pili.

Mama Vitz: Fundi, na nyie ndio mnaobadilisha vipuri vipya kwa vikuukuu. Usinichokoze.

Mtoto wa Ilala: Bima ndogo, bima kubwa, hamjaibiwa saiti mira nyie. Zangu zilichomolewa usiku, asubuhi nimezikuta dukani zimechorwa namba ya gari langu. Jamaa anataka elfu themanini. Namwambia hizi ni zangu, ananijibu, "Ndiyo maana nakwambia zitakukaa vizuri bosi."

Binti Mwarobaini: 😂😂😂 Ulilipa?

Mtoto wa Ilala: Ningeendaje Mbeya bila saiti mira? Nilimshusha mpaka hamsini.

Mzee wa Kibamba: Umepigwa. Mimi zangu niliuziwa arobaini, na taa moja juu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye kalamu basi. Kanidhalilisha mbele ya watu!

Fundi Spana: Mzee wa Kibamba, hizo za arobaini ni za gari gani? Kuna mteja hapa ana Premio haina hata moja.

Mzee wa Kibamba: Njoo inboksi, namba ya jamaa ninayo.