Presha 150/95, nianzie wapi?

Dereva wa Mbagala: Wakuu, nina miaka 46, naendesha daladala. Juzi nimepimwa presha: 150/95. Nesi kasema nipunguze chumvi. Sasa mimi mchana ni chipsi, na chumvi naongezea juu. Nifanyeje?

Mama Lishe: Kaka, kichupa cha chumvi kitoke mezani. WHO wanasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ile ya kwenye viungo vya pakiti imo humohumo. Dagaa wangu nawakamulia ndimu na pilipili, wateja hata hawajashtuka.

Mzee wa Jogging: Sigara je? Mbona hujaitaja?

Dereva wa Mbagala: Mbili tu. Haya, nne.

Mzee wa Jogging: Anza na hizo. Ukishalaza gari, rudi kwa miguu, achana na bodaboda. Halafu ukapime tena, kipimo kimoja hakitoshi.