Nimeshtakiwa Uingereza na kampuni nisiyoijua, wanadai wamenunua deni langu. Nijibu au nikae kimya?

Msafiri_Tanga (mleta mada), Jumatano 22 Oktoba 2025, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye matusi nawaomba wayaweke akiba mpaka kesho maana sijalala vizuri siku kadhaa.

Niko Uingereza, mji wa Leicester, mwaka wa 14 sasa. Nimeletewa bahasha ya mahakama kutoka Northampton. Ndani kuna fomu ya madai, jina langu limekaa kwenye kisanduku cha mdaiwa, na anayenidai ni kampuni ambayo sijawahi kuikopa hata senti. Wanasema benki iliwauzia deni langu la kadi ya mkopo. Wanataka pauni 4,812.40, ada ya mahakama 205, ya wakili 80. Piga hesabu, 5,097.40.

Kwanza, mtu anaruhusiwaje kuuza deni langu kama mbuzi wa mnadani bila mimi kuulizwa? Pili, mimi sina mkataba na hawa watu, kwa hiyo naona nikae kimya tu. Desemba narudi nyumbani. Mnasemaje?

Pweza_Mkavu

Wa kwanza. Nimetandika mkeka, kahawa ipo.

Mama_Naima

Mwanangu, dawa ya deni kulipa. Wakati wa mazishi ya marehemu mume wangu, kaka yake alisimama mbele ya jeneza akauliza kama ilivyo ada, "anayemdai marehemu ajitokeze". Kimya. Tukashusha pumzi. Akatoka mzee mmoja nyuma kabisa, amevaa kanzu imepauka, akasema anadai pampu ya baiskeli. Pampu! Aliiazima mwaka gani hata hatujui. Tulimlipa palepale kabla jeneza halijanyanyuliwa. Sasa wewe una elfu tano za Mzungu halafu unataka kukaa kimya? Ukifa leo nani atamsimamia Mzungu pale msikitini?

Wakili_wa_Kijiweni

Mkuu, hili ni jepesi. Shauri la madai, wakipata hukumu wanaomba uwe mfungwa wa madai. Unawekwa ndani, wao wanakulipia chakula. Andaa mswaki.

Dada_wa_Luton

@Wakili_wa_Kijiweni hiyo ni sheria ya kwenu Tanzania, usimtishe mtu. England hakuna jela kwa deni la kadi.

@Msafiri_Tanga pole. Nimepitia hili, kwa hiyo nitakuuliza maswali na wewe ujibu bila kuzunguka.

1. Kwenye fomu, juu kulia, kuna tarehe ya kutolewa. Ni tarehe gani?
2. Mara ya mwisho kulilipia deni hilo ilikuwa lini? Kiasi chochote kile.
3. Umewahi kuwaandikia au kuwapigia?

Kuhusu kuuzwa, ndiyo, wanaruhusiwa. Kuna sheria ya mwaka 1925 inayohusu mali, na deni ni mali kama kiwanja. Benki ikichoka inayauza madeni kwa jumla, kwa senti chache kwenye kila pauni, na mnunuzi anatakiwa akujulishe kwa barua. Hukuulizwa kwa sababu hakuna anayelazimika kukuuliza.

Msafiri_Tanga

Asante dada. Deni ni la zamani sana. Ile kadi niliitumia 2017 mzee wangu alipofariki, tiketi ya ghafla kwenda Dar, sanduku, msiba mzima Tanga nikausimamia mimi. Sikuinunulia televisheni. 2018 nikapunguziwa zamu kazini, nikashindwa. Barua yao nilipata lakini sikuielewa. Ndiyo maana nasema haki iko upande wangu.

Dada_wa_Luton

Sijauliza haki iko upande gani. Nimeuliza tarehe.

Jamaa_wa_Kisauni

Huku Mombasa hawana muda wa mahakama. Nilikopa elfu tatu kwa apu ya simu, nikachelewa siku nne. Wakampigia mama mkwe. Mama mkwe! Akaniita barazani, akaniwekea chai na mahamri, akaniuliza, "Mwanangu, hizo elfu tatu za bibi harusi wangu ulizipeleka wapi?" Nimelipa lakini mpaka leo nikienda kule naketi karibu na mlango.

Pweza_Mkavu

Hahaha, karibu na mlango!

Kobe_Mwanagenzi

Jamani samahani kwa kukatiza. Hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Mwezi wa tatu huyuhuyu Msafiri_Tanga alifungua uzi unaitwa "Kware wangu wanakufa, nifanyeje?" Nanukuu: "niko hapa Kibaha na kware 300". Leo yuko Leicester mwaka wa 14, mahakama inamtafuta. Mwezi wa tatu Kibaha, mwezi wa kumi Northampton. Hao kware ndio wamemkatia visa?

Wakili_wa_Kijiweni

Chai ya rangi, tena haina tangawizi. Nimejichosha bure kutoa msaada wa kisheria.

Pweza_Mkavu

Bila picha hii ni chai. Mwenye vitumbua alete.

Msafiri_Tanga

Kware ni wangu na mdogo wangu, yeye ndiye yuko Kibaha, mimi natuma hela. Niliandika "niko hapa" kwa sababu humu mtu akijulikana yuko Ulaya, ushauri unageuka ombi la simu. Na ndiyo, walikufa wote.

Mnataka picha, nawawekea picha. Nimeziba jina na namba.

[picha]

Kobe_Mwanagenzi

Nimeikuza picha. Karatasi ni ya kweli, muhuri upo. Ila naona duara la kikombe pale katikati, limekauka rangi ya kahawia. Kwa hiyo chai ipo, sikukosea sana.

Msafiri_Tanga

Mke wangu aliingia jikoni ghafla nikaweka kikombe juu yake. Yeye hajui kitu. Hii fomu inakaa ndani ya mfuko wa mchele wa kilo 20, chini kabisa.

Mama_Naima

Subhanallah. Kwenye mchele tunaoula?

Dada_wa_Luton

Acheni kikombe. Angalieni tarehe: 6 Oktoba. Leo ni 23.

Msafiri, sasa naelewa kwa nini ulikuwa unalikwepa swali langu. Hesabu yake iko hivi. Fomu inahesabiwa imekufikia siku ya tano baada ya kutolewa, yaani tarehe 11. Kuanzia hapo una siku 14. Zinaisha tarehe 25, keshokutwa Jumamosi. Baada ya hapo wanaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa, na mahakama inawapa bila hata jaji kusoma habari za mzee wako. Hiyo hukumu, huku tunaita CCJ, inakaa kwenye rekodi yako miaka 6 isipokuwa ulipe yote ndani ya mwezi mmoja.

Usiku huu fanya hivi. Kwenye fomu kuna namba ya kesi na nenosiri, ingia kwenye tovuti ya madai ya mahakama. Thibitisha tu kwamba umepokea na unakusudia kupinga madai yote. Hapo unapata siku 28 badala ya 14, mpaka 8 Novemba. Utaona kisanduku cha utetezi. USIANDIKE KITU mle. Hata salamu. Ukiandika neno moja wanaweza kulichukua kuwa ndio utetezi wako.

Halafu unijibu swali la pili na la tatu.

Msafiri_Tanga

Lakini dada, nikithibitisha si nimekubali deni? Nilisoma mahali kwamba ukikaa kimya miaka 6 deni linakufa. 2018 mpaka 2025 ni saba. Mimi naona limeshakufa, nikigusa nalifufua. Na tiketi ya Desemba nimeshakata.

Mzee_wa_Chumbageni

Kijana wa nyumbani, nisikilize mimi niliyebeba boksi Reading miaka 22. Nilikaa kimya kama wewe. Barua zilikwenda anwani ya zamani, mimi nikawa nimehama. Siku nimeomba nyumba ya kupanga, dalali ananionyesha kwenye kompyuta hukumu dhidi yangu ya miaka miwili nyuma. Kuifuta unaomba mahakamani kwa ada, na unaeleza kwa nini hukujibu. Mimi nilikuwa na sababu, sikupata barua. Wewe utasema nini? Kwamba ilikuwa kwenye mchele?

Dada_wa_Luton

Kuthibitisha kupokea si kukubali deni. Unasema tu "nimepata, nitajibu".

Hiyo miaka 6 ni kweli, ni ukomo wa muda kwa England na Wales. Ila hawahesabu kuanzia siku uliyokopa, wala lazima siku uliyolipa mara ya mwisho. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilisema kwa kadi kama yako saa inaanza kugonga pale notisi ya kushindwa kulipa inapoisha muda wake. Kwenye picha yako, maelezo ya madai, mstari wa tatu: notisi ya 4 Machi 2019, iliisha 22 Machi 2019. Ongeza sita unapata 22 Machi 2025. Kesi imefunguliwa Oktoba. Kwa hiyo wewe kweli una utetezi mzuri sana.

ILA kama ulilipa chochote, au uliandika na kusaini kwamba unadaiwa, kabla ya hiyo Machi 2025, saa inaanza upya. Ukilipa baada ya hapo, haifufuki tena. Ndiyo maana nauliza mara ya tatu.

Njiwa_wa_Glasgow

Nyongeza tu, huku Scotland ni miaka 5, na deni linafutika lenyewe kabisa. Ungehamia huku mkuu, baridi tu ndiyo shida.

Msafiri_Tanga

Kuna pauni 20.

Pweza_Mkavu

Nimeamka.

Msafiri_Tanga

Mwanzoni mwa mwaka. Nilikuwa zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee, nimejificha stoo ya mashuka nile ndizi yangu. Simu ikaita. Dada mmoja mpole, ananiita bwana, hana hasira, ananiuliza afya yangu. Akasema nikilipa kidogo tu kuonyesha nia njema watasitisha barua. Nikamsomea namba ya kadi. Kengele ya chumba 9 inalia, nataka simu iishe.

Si kwamba nilikiri. Ilikuwa kumwondoa. Pauni 20 kwenye elfu nne, mtu yeyote angefanya hivyo.

Kobe_Mwanagenzi

Hii siyo chai. Mtu wa chai asingeikumbuka ndizi.

Dada_wa_Luton

Fungua apu ya benki. Tarehe.

Msafiri_Tanga

11 Februari 2025.

Dada_wa_Luton

Siku 39 kabla.

Wakili_wa_Kijiweni

Duh.

Mama_Naima

Pole mwanangu. Hata mimi ningemlipa, kama aliulizia afya.

Jamaa_wa_Kisauni

Hawa wapole ndio hatari. Mama mkwe naye alianza na mahamri.

Msafiri_Tanga

Kwa hiyo nimejiua mwenyewe. Basi sioni haja ya kujibu. Nitaondoka Desemba wabaki na karatasi yao.

Dada_wa_Luton

Unarudi Desemba moja kwa moja, au wiki tatu?

Msafiri_Tanga

Wiki tatu.

Dada_wa_Luton

Haya. Utetezi wa muda umekufa, hatuuombolezi zaidi. Mwingine upo. Kwa sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 78, unawaandikia wakupe nakala ya mkataba wa kadi na taarifa ya hesabu. Inagharimu pauni 1. Wana siku 12 za kazi, na wakishindwa hawawezi kulitekeleza deni mpaka walete. Wanunuzi wa madeni wananunua orodha kwenye kompyuta, makaratasi mara nyingi yamebaki benki, wakati mwingine hayapatikani haraka. Waombe pia barua ya benki ya kukujulisha deni limehamishwa.

Wakileta kila kitu, basi unadaiwa, na hapo unapatana. Siku hizi madai madogo yanapitia usuluhishi kwa simu, saa moja, bure. Mimi walikubali pungufu kwa malipo ya mwezi na hakuna hukumu iliyoandikwa. Asubuhi pigia National Debtline au StepChange, mashirika ya ushauri wa madeni, hawatozi kitu, wakukague kabla hujaandika utetezi. Mimi si wakili, ni mtu wa usafi wa ofisi aliyekasirika akasoma.

Wakili_wa_Kijiweni

Dada, una nafasi kijiweni kwetu.

Msafiri_Tanga, saa 5:41 usiku

Nimeingia. Nimethibitisha kupokea, nimeweka tiki kupinga yote, kisanduku cha utetezi nimekiacha kitupu. Mikono inatetemeka kama nimeiba. Imeandika imepokelewa.

Mzee_wa_Chumbageni

Kanywe maji. Na mke umwambie wewe kabla ya mchele kuisha.

Msafiri_Tanga

Umebaki wa kama siku nne.

Swali la mwisho: hiyo pauni 1 naituma vipi? Sitaki wapate tena namba ya kadi yangu.

Dada_wa_Luton

Posta, omba hawala ya pauni moja. Andika kwa mkono kwamba ni ya ombi la kifungu cha 78 tu, si malipo ya deni. Tuma kwa rejista, tunza risiti.

Kobe_Mwanagenzi

Na kware waliugua nini hasa? Mimi nina 200, wameanza kusinzia tangu jana.