Misingi ya unasihi katika kazi ya mipango ya fedha: tunajengaje imani ya mteja?

Mshauri wa Dodoma aliuliza:

Habari za kazi, wadau. Ninawashauri watu kuhusu mipango ya fedha, na wengi wa wateja wangu ni watumishi wa umma, hasa walimu waliobakiza mwaka mmoja au miwili kufikia umri wa kustaafu kwa lazima. Upande wa hesabu haunisumbui: naweza kukokotoa mafao, naweza kueleza tofauti ya hatifungani ya serikali (hati ya kuikopesha serikali kwa riba) ya miaka 5 na ile ya miaka 25, na naweza kumweleza mtu habari za vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja hadi akaelewa. Kinachonishinda ni mtu mwenyewe. Mteja anakaa mbele yangu, anaitikia kila ninalosema, "sawa kabisa, mwanangu", anaikunja karatasi yangu mara nne na kuitia mfukoni, kisha harudi. Baadaye nasikia kwa wenzake kwamba malipo yote ya mkupuo, yaani fedha ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, yameishia kwenye basi dogo la abiria lililochakaa, au kwamba alikuwa na mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, ambayo hakuitaja hata nilipomuuliza waziwazi kama ana deni.

Najua wenzetu wa Marekani wamelipa uzito suala hili, kwa kuwa mwaka 2021 bodi inayosimamia CFP, cheti cha kitaalamu cha wapangaji wa fedha, iliiingiza saikolojia ya mipango ya fedha katika maeneo ya maarifa yanayotahiniwa. Hapa kwetu sijaona mafunzo ya namna hiyo, kwa hiyo nauliza mambo mawili. Ni misingi ipi ya unasihi ambayo mtu wa fedha anaweza kuitumia bila kujifanya mnasihi? La pili linanikera zaidi: nikijifunza kumfanya mteja aniamini, je, sijajifunza tu hila nyingine ya kuuza?

Mnasihi wa Iringa alijibu:

Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeliweka swali la pili, kwa sababu jibu la la kwanza linalitegemea.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alieleza masharti ambayo aliyaona kuwa ya lazima ili mtu abadilike ndani ya mazungumzo ya unasihi, na matatu kati ya hayo ndiyo yanayofundishwa hadi leo: mnasihi aielewe hali ya mteja kama mteja mwenyewe anavyoiona, amkubali bila kumwekea masharti, na awe mkweli, yaani anayoyasema yafanane na yaliyomo moyoni mwake. Wengi hujifunza mawili ya kwanza, kwa kuwa yanaweza kuigizwa, na kulikwepa la tatu. Ukimsikiliza mwalimu kwa upole huku umeshaamua utamuuzia nini, hilo haliwi unasihi hata kama sauti yako ni ya chini na umemkaribisha chai.

Sasa nikupe jambo moja la kazi yetu ambalo naona linakufaa kuliko nadharia. Watu wengi wa nchi hii walikutana na unasihi kwa mara ya kwanza katika vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa VVU. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba damu haichukuliwi kabla ya mazungumzo, na katika mazungumzo hayo mnasihi alimuuliza mtu: unatarajia majibu gani, yakiwa tofauti na ulivyotarajia utafanya nini, na ni nani wa kwanza utakayemwambia? Mtu aliyekwisha kuyajibu maswali hayo kwa kinywa chake huyapokea majibu akiwa na mahali pa kukanyaga.

Wewe nawe una majibu mazito mkononi. Chukua mwalimu ambaye kwa miaka yote ya utumishi alijua kwamba mkupuo wake ungekuwa asilimia 50. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilichoanza kutumika Julai 2022 kikaiweka sehemu hiyo kuwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa kundi lake. Fedha nyingine itakuja kama pensheni ya kila mwezi, na wewe kwa hesabu zako unaona hakuna tatizo kubwa. Lakini yeye alikwisha kuigawa ile nusu zamani: ada ya chuo ya kitinda mimba, bati la nyumba, ahadi aliyompa shemeji. Unapofungua kompyuta na kumwonyesha tarakimu kabla ya kumuuliza alitarajia nini, unampa habari ya msiba na papo hapo unamwomba achague mfuko wa uwekezaji. Ataitikia tu, kwa sababu kuitikia ndiyo njia ya heshima ya kuondoka chumbani.

Kwa hiyo, kikao cha kwanza kisiwe na tarakimu kabisa. Uliza alitarajia nini, fedha hiyo imekwisha kuahidiwa kwa nani, na nani nyumbani anajua kiasi chake. Na anapojibu, usirekebishe. Mteja akisema, "Kwanza nataka nimjengee mama nyumba kijijini," wengi wenu hujibu haraka kwamba nyumba ya kijijini haizalishi. Jaribu kusema: "Naona nyumba ya mama ni jambo ulilolibeba kwa miaka mingi." Kisha nyamaza, unyamaze kweli, bila kuangalia simu wala kupanga karatasi. Mara nyingi sentensi inayofuata ndiyo uliyokuwa ukiitafuta: kwamba ndugu zake wanasema yeye ndiye aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa familia, au kwamba kiwanja chenyewe kina mgogoro. Hapo umejua kwamba nyumba ile si kipengele cha matumizi utakachokifuta kwa kalamu, na mpango wowote usioitengea fungu hautatekelezwa hata ukiwa mzuri namna gani.

Kuhusu madeni, usiulize "Je, una deni?", kwa kuwa swali hilo lina jibu moja tu la heshima. Sema kwamba watu wengi wanaokuja kwako wana mikopo waliyochukua kwa shida, mingine hata mwenza hajui, na kwamba hilo haligeuzi namna utakavyomhudumia. Kisha uliza kwake hali ikoje. Mwenye aibu humfungukia yule anayemwonyesha kwamba aibu hiyo ameshaiona kwa wengine na hakuicheka. Hata hivyo, fahamu mpaka wako: ukiona mtu hapati usingizi, anakunywa kupita kiasi, au ameshindwa kuacha kubeti, usimtibu wewe. Mwelekeze kwa mnasihi au hospitalini, kwa lugha ileile ya kawaida ambayo ungemwelekeza kwa mwanasheria kuhusu wosia.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mwanangu wa Dodoma, marahaba kama umenisalimia moyoni. Mimi ni miongoni mwa hao wanaokunja karatasi, basi acha nikueleze inavyoonekana kutoka kiti cha upande huu.

Miezi michache kabla sijastaafu, simu zilianza kuingia kutoka kwa watu nisiowajua ambao walijua jina langu, shule yangu na takriban mwezi nitakaolipwa. Mmoja alikuwa na viwanja, mwingine kuku wa kisasa, mwingine "fursa" ambayo hakutaka kuitaja kwenye simu. Wote walikuwa wapole, na wote waliniuliza habari za wajukuu. Kwa hiyo nilipoketi mbele ya mshauri wa kweli, mwenye leseni na tai, upole wake haukunipa ahueni yoyote, maana hata wale walikuwa nao. Na sisi wa rika hili tunaikumbuka DECI, mchezo wa upatu ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009: watu waliambiwa wapande mbegu, yaani fedha, waliotangulia wakavuna kweli, na mavuno yao ndiyo yaliyowavuta majirani. Waliowashawishi watu hawakuwa wageni. Walikuwa waumini wenzao na watu wa mtaani kwao. Mtu aliyeyaona hayo haogopi mgeni peke yake. Anamwogopa pia anayesikiliza vizuri.

Unajua aliyenifanya nifungue daftari langu la madeni? Ni binti mmoja ambaye, kabla sijakaa sawasawa, aliniambia: "Mwalimu, ukinunua bima kupitia kwangu nalipwa kamisheni. Ukinunua hatifungani au vipande, silipwi chochote. Ushauri wa leo unaulipia ada, na kiasi chake ni hiki. Kwa hiyo nikikusifia bima, niulize mara mbili." Nilicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu wa fedha akinipa silaha ya kumpiga nayo. Huyo mnasihi amesema kwamba sharti la tatu hukwepwa. Nami nasema kwamba kwetu lingekuwa la kwanza, na lisemwe kabla ya chai.

Jambo la pili ni dogo, lakini linauma. Msituulize mambo ya nyumbani mkiwa kwenye meza ambayo mtu wa meza ya pili anasikia. Mmoja wenu alinitajia salio langu kwa sauti, na mlangoni alikuwa ameketi mzazi wa mwanafunzi wangu.

Mpangaji wa Mombasa alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwa wote. Nakubaliana na mengi, ila nina neno la kumpunguza kasi mnasihi wetu. Mteja wa fedha hakuja kutafuta kioo. Amekuja kutafuta ushauri, na analipa kwa ajili hiyo. Nimewaona vijana waliotoka mafunzoni wakirudisha kila swali kwa mteja, "wewe unaonaje, mama?", hadi mama akaondoka akidhani kijana haijui kazi yake. Sikiliza kwanza, ndiyo, lakini wakati wa kusema ukifika, sema waziwazi kwamba mkopo huu unapaswa kulipwa kabla ya uwekezaji wowote, na utoe sababu. Kuficha msimamo wako wa kitaalamu ili usionekane mkali nako ni kukosa ukweli.

Kwa mteja ambaye nusu yake inataka na nusu inakataa, kuna mbinu iliyotokana na usaili wa kuhamasisha, njia ambayo William R. Miller aliieleza mwaka 1983 katika kazi yake na watu wenye tatizo la pombe, na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Muulize mteja, katika kipimo cha 0 hadi 10, ana uhakika kiasi gani kwamba ataanza kuweka akiba mwezi huu. Akisema 4, usimuulize kwa nini si 9, kwa maana atakupangia vikwazo vyote na kila anachokitaja kitazidi kumshawishi yeye mwenyewe. Muulize kwa nini si 1. Hapo atalazimika kuzitaja sababu zake za kutaka, na sababu zilizotoka kinywani mwake zina nguvu kuliko zako. Mimi nimeona inafaa zaidi kwa watu wa umri wa kati. Wazee wengine huona vipimo hivi ni mchezo wa kitoto, na hapo naiacha.

Tena hakuna aliyegusa suala la wanandoa, ambalo kwangu ndilo linalovunja imani haraka kuliko yote. Mume na mke wanakuja pamoja, mnaelewana, kisha jioni mmoja anapiga simu: ana akaunti katika SACCO ambayo mwenzake haijui, au amemdhamini kaka yake mkopo, na anaomba habari hiyo isimfikie mwenzake. Ukishaipokea siri hiyo umekwama, kwa kuwa kila mpango utakaouandika utakuwa wa uongo kwa mmoja wao. Wanasihi wa ndoa huliweka jambo hili wazi kikao cha kwanza, na mimi nimeliiga: nawaambia wote wawili, wakiwa wameketi pamoja, kwamba habari yoyote ya fedha nitakayopewa na mmoja itahesabika kuwa imetolewa kwa wote, na asiyetaka hivyo tuonane naye kama mteja wa peke yake kwa mkataba wa peke yake. Wapo wanaoondoka wakisikia hayo, na siwazuii.

Kuhusu siri kwa ujumla, msitegemee maneno matamu tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mweleze mteja kwa sentensi mbili taarifa zake zinahifadhiwa wapi na nani anaweza kuzisoma. Ukishindwa kulieleza hilo, rekebisha ofisi yako kwanza.

Mshauri wa Dodoma aliandika tena:

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. La kamisheni nitalianza wiki hii, na meza nitaihamishia chumba cha ndani. Nina swali moja lililobaki kwa mnasihi. Wateja wengine huja na mtoto wao mkubwa, ambaye ndiye anayejibu kila ninapomuuliza mzazi. Nikimtoa nje nitaonekana namgombanisha na familia yake; nikimwacha, sipati sauti ya mzee. Nifanyeje?

Mnasihi wa Iringa alijibu:

Usimtoe kwa ghafla. Waambie tangu mwanzo, kabla hujajua nani ni nani, kwamba utaratibu wa ofisi yako kwa kila mteja ni kuwa na sehemu mbili: robo saa na mwenye fedha peke yake, kisha kikao cha pamoja na yeyote aliyemchagua. Utaratibu unaomhusu kila mtu haumtuhumu yeyote. Ndani ya ile robo saa, muulize mzee ni mambo gani angependa yasemwe mbele ya mtoto na yapi yabaki kwenye faili, na uyaandike mbele yake. Mtakaporudi kwenye kikao cha pamoja, mpe mtoto kazi halisi ya kufanya, kama kufuatilia nyaraka za mfuko wa hifadhi ya jamii au kuandika tarehe za malipo, kwa maana mara nyingi anayejibu kwa niaba ya mzazi ana hofu yake mwenyewe kuhusu fedha ile. Na kama mzee akikuambia kwamba hataki robo saa hiyo, kwamba mwanawe ndiye mdomo wake, mkubalie, lakini elekeza macho na maswali yako kwake hata pale jibu linapotoka kiti cha pili.