MREJESHO: Jezi nyeusi ya mwamuzi mwenzangu

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza nifanyeje baada ya kumsema mwamuzi mwenzangu kwenye grupu letu la WhatsApp, kisa alichezesha mechi ya ndondo (soka la mtaani) hapa Mbeya na jezi nyeusi wakati timu moja nayo imevaa nyeusi. Sheria ya 4 ya soka iko wazi: rangi za timu zitofautiane na za waamuzi. Ila mlisema nilipaswa kumfuata inboksi, na ni kweli kabisa.

Nikampigia, tukakutana Mwanjelwa. Kumbe jezi anayo hiyo moja tu, kola imepauka kwa kufuliwa, mfuko wa kadi umeshonwa kwa mkono. Iliniuma sana. Nikampa yangu ya njano, nikamwomba radhi kulekule kwenye grupu. Jumamosi tunachezesha Uyole, yeye kati, mimi kibendera.