Lidia Bastianich alianzaje? Nataka kufungua hoteli yangu Kisauni, nishaurini

mpishi_wa_kisauni
Hamjambo wajameni. Mimi nimekaa miaka sita Malindi kwa jiko la Wataliano, niliingia kuosha masufuria nikapanda mpaka nikapewa upande wa pasta, msimu ulivyokuwa mbaya tukapunguzwa na mshahara wa miezi miwili mpaka leo sijauona. Sasa niko nyumbani, kuna chumba kidogo barabarani nimeonyeshwa, roho yataka. Usiku naangalia sana video za yule mama Lidia Bastianich, mpishi wa Kitaliano wa runinga huko Marekani, yuwapika kama nyanyangu, taratibu, anaonja na kijiko. Ninachotaka kujua, huyu alisomea upishi ama alianzia chini kama sisi? Babangu ashikilia kwamba bila cheti cha chuo hoteli haifunguki na mimi niliishia fomu foo. Na nipike Kitaliano ninachokijua ama chakula chetu?

BintiMvita
Kaka pole kwa hizo pesa zako, hiyo ni dhuluma na usiwaachie hivi hivi, nenda ofisi ya leba ukaandikishe. Sasa kwa Lidia, yule hakuzaliwa Marekani wala hakuwa na kitu. Kazaliwa 1947 Pula, huko Istria, siku hizi ni Kroatia, na watu wao ni Wataliano. 1956 familia ikakimbia ikaenda Trieste, wakakaa kambi ya wakimbizi kama miaka miwili, 1958 ndio wakafika Marekani. Akiwa msichana alifanya kazi kwa duka la mikate. Yeye na mumewe Felice walifungua mkahawa wa kwanza 1971, uliitwa Buonavia, mtaa wa Forest Hills huko Queens, New York, sio Manhattan kwa matajiri. Na hapa ndio nataka usome polepole: hakuanza yeye kuwa shefu. Waliajiri mpishi anayejua, yeye akawa msaidizi wake, akakata vitunguu akitazama mkono wa mwenzake, mpaka akaweza kupika zile sahani zote mwenyewe, kisha ndio akaanza kuingiza vyakula vya kwao Istria kimoja kimoja. Wewe miaka sita yako ndio hiyo hiyo, mwambie mzee.

Mama Tambi
Mwanangu, nijibu lile swali la mwisho maana lanigusa. Mara ya kwanza kumuona akipika polenta niliita watoto wote waje waone, ni unga wa mahindi! Maji na chumvi yamechemka, anamimina unga kwa vidole kidogo kidogo usifanye madonge huku mkono wa pili uko kwa mwiko, inatokota pwaa pwaa. Yetu twaisonga ikakaza upesi, ile yao hukorogwa muda mrefu ikiwa laini kama uji mzito, kisha juu mchuzi. Hicho ni chakula cha maskini huko kwao, na yeye akakipeleka mpaka Felidia, mkahawa waliofungua Manhattan 1981 baada ya kuuza ile miwili ya Queens, watu wa suti wakakaa wakala. Mpaka Julia Child, yule mwalimu mkubwa wa upishi wa Marekani, akamualika kwa kipindi chake 1993, na baadaye akapata kipindi chake mwenyewe. Sasa wewe una pweza, una nazi, una mbaazi, waulizia nini? Pika pweza wa nazi tui zito, umwagie juu ya ugali laini. Istria nao ni watu wa bahari.

wa_likoni
Yote sawa lakini bradha usisahau kodi. Mimi kibanda changu kilikufa kwa gudwili, ile pesa ya kuingilia chumba, nililipa laki moja na nusu kabla hata sijanunua jiko, miezi minne nikafunga. Lidia na mumewe walikaa Queens miaka 10 kwanza, mkahawa wa pili walifungua 1979, Manhattan baadaye. Muombe landilodi uanze na miezi miwili, laiseni ya kaunti na cheti cha afya ukate mapema maana askari wakija huna watakubebea mpaka sufuria.

mpishi_wa_kisauni
Ahsanteni sana, Mama Tambi umenitoa machozi wallahi. Nimemsomea mzee hapo pa kuajiri mpishi akanyamaza, kisha akauliza huyo mama ana watoto wangapi, nikamwambia wawili, Joseph na Tanya, na wote wako kwa biashara naye. Amesema kesho twende pamoja tukakione hicho chumba. Kesho alfajiri pia naingia Kongowea kwa nazi, pweza nitamchukua kwa wavuvi, nitapika kwanza hapa nyumbani majirani waonje. Mama, huo ugali laini maji kiasi gani kwa kikombe kimoja cha unga?

Mama Tambi
Vikombe vinne, moto mdogo, na usiondoke jikoni.